Kampala Hulipa Jioni

Usiku, barabara ya Masaka kwenda Kampala ni ya ndizi. Malori hupita yamesheheni mikungu hadi juu ya bodi, mingine ikining'inia pembeni kwa kamba, na juu ya mzigo wamelala vijana waliojifunika maturubai. Nilipita huko Novemba, msimu wa senene. Kandokando ya Masaka vilima vilikuwa vinawaka taa kali zilizozungushiwa mabati. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza na kuangukia kwenye mapipa. Mimi ni mtu wa Bukoba, ndizi na senene nimekulia navyo. Nilichokikodolea macho ni mwelekeo wake. Ndizi, senene, mkaa, mbuzi, mchanga unaochimbwa kwenye kinamasi cha Lwera, vyote vilikuwa vinakwenda upande mmoja, na basi letu lilikuwa katikati ya msafara huo huo likipeleka watu.

Kwa nini mtu aache mahali ambapo mkungu unakomaa nyuma ya nyumba yake, akaishi mahali ambapo atalazimika kuununua?

Swali hilo nililibeba tangu mpakani Mutukula, na lilikuwa na mwenyewe. Ukoo wetu una watu pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi kwa mstari wa digrii moja kusini mwa Ikweta, wala hawakuuliza nani ni shemeji ya nani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko upande wa Uganda. Ana kibanja cha kahawa na migomba huko Kyotera, ameachiwa na marehemu baba yake. Kibanja hicho kinalimwa na mdogo wake. Yeye anaendesha bodaboda Kampala, na amekwishafanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba anapokuja Bukoba kwenye misiba tunamwita Mganda.

Wa namna yake ni wengi mno. Sensa ya mwaka 2024 ilikuta Kampala yenyewe, katika divisheni zake tano, ina watu wapatao milioni 1.8. Lakini mji haukomi hapo. Wilaya ya Wakiso inayouzunguka ilikutwa na watu zaidi ya milioni 3.4, ilhali miaka kumi kabla walikuwa takribani milioni 2. Ukishika njia ya Gayaza, ya Matugga au ya Bulenga, huoni mahali mji unapokwisha. Unaona matofali yaliyopangwa mbele ya misingi iliyoota nyasi, yakingoja pesa ya saruji.

Binamu anakaa Kawempe, kwenye muzigo, kama wanavyokiita kule chumba kimoja cha kupanga kilicho katika safu ya vyumba vinavyofanana. Mstari wake una vyumba vinane, bomba moja, vyoo viwili. Pazia linagawa kitanda na viti. Jiko la mkaa linakaa barazani, na kila mlango una jiko lake, hivyo jioni uwanja mzima hunuka vitunguu na moshi. Kodi ni shilingi 200,000 za Uganda kwa mwezi, na umeme wa Yaka hununuliwa kwa simu, kidogo kidogo, mara nyingine wa usiku mmoja tu.

Hiyo kidogo kidogo ndiyo iliyonikera siku za kwanza. Mkewe binamu hununua mkaa kwa kopo, mafuta ya kupikia yaliyofungwa kwenye kifuko cha plastiki kama ya kijiko kimoja, sukari ya chai ya leo. Nilikaa naye barazani nikapiga hesabu: mkaa wa makopo ya mwezi mmoja ungetosha kununua gunia na chenji ikabaki. Alinisikiliza kwa heshima, kwa kuwa mimi ni shemeji mkubwa, kisha akasema, "Gunia linataka pesa ya siku moja iwe nyingi. Mimi nina pesa ya kila siku, kidogo." Ni kweli, na ni dhuluma pia. Katika mji huu asiye na kitu hulipia kila kijiko kwa bei ya juu kuliko mwenye gari analipia debe. Mtu akikuambia kwamba maskini wa Kampala wanaishi huko kwa kuwa ni rahisi, huyo hajawahi kununua mkaa wa kopo.

Lakini ni maneno yake hayo hayo yaliyonifungulia jambo. Pesa ya kila siku.

Jioni binamu alipoegesha pikipiki nilimuuliza moja kwa moja. Hakufikiri sana. Kahawa, alisema, ukipanda mche leo utangoja kama miaka mitatu ndipo uone buni za maana, halafu inakulipa kwa msimu, mvua ikipenda. Ada ya shule inadaiwa mihula mitatu kwa mwaka. Homa ya mtoto haina msimu. Migomba nayo ilipata ule ugonjwa wa mnyauko ulioingia Uganda mwaka 2001 ukatembea wilaya hadi wilaya hadi ukavuka kwetu Kagera. Shamba zima huoza likiwa limesimama. "Kampala nayo ni shamba," akasema, "ila hili huvunwa jioni." Kisha akatoa noti mfukoni akazipanga juu ya goti: hii ya mafuta ya kesho, hii ya mkopo wa pikipiki, hii ya chakula, hii ya kutuma Kyotera. Akimaliza mkopo atakuwa ameilipia pikipiki hiyo karibu mara mbili ya bei ya dukani. Anajua, na alinitajia mwenyewe kabla sijapata nafasi ya kupiga hesabu nyingine.

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Kwetu Bukoba vibanja vimegawanywa kwa watoto, vikagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka sehemu ya mtu inatosha nyumba, migomba kadhaa na makaburi ya wazee. Ardhi ipo, heshima ipo, chakula cha leo kipo. Isiyokuwepo ni noti ya elfu kumi siku ambayo unaihitaji.

Siku iliyofuata niliteremka mjini kwa takisi, yale magari ya abiria kumi na wanne yenye mstari wa miraba midogo ya buluu ubavuni. Foleni ya Kampala imekwishasimuliwa vya kutosha. Niseme tu kwamba kutoka Kawempe hadi Old Taxi Park nilikula chapati yenye mayai ndani, nikasikiliza mahubiri mawili ya redio, na kumfahamu vizuri mama aliyekaa kando yangu na boksi la vifaranga mapajani. Huyo alitoka Luwero. Mume wake alipofariki mashemeji walichukua shamba, wakamwachia nyumba aliyokuwa akiishi "kwa huruma". Akaja Kampala kwa dada yake, sasa anauza vifaranga na chakula cha kuku. Anasema mji ni ghali na una wezi, ila hapa anayemdai anadai pesa tu. Hakuna anayemuuliza yeye ni wa nani. Nimekutana na wanaume wengi wanaoeleza kwa nini wako mjini kwa hesabu za kipato. Wanawake walionieleza sababu kama ya huyu mama walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na nadhani wanaoandika juu ya miji yetu hawawasikilizi vya kutosha.

Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla ulio kati ya mitaa ya mabasi na maghala, ndipo nilipopumzisha Kihaya changu. Barabarani Kiganda ndicho kinachotawala, na kwa Kihaya mtu huokota maneno mawili matatu akaanguka. Kikuubo wanasikia Kiswahili, kwa kuwa bidhaa zinazoshushwa hapo zitapakiwa tena kwenda Bunia, Juba, Kigali na Goma. Wapagazi wanapita mbio wakiwa na maboksi ya sabuni kichwani wakipiga kelele upishe njia, na mwenye duka anakutajia bei kwa shilingi, kwa dola, na kwa lugha yoyote utakayoleta.

Haikuwa hivyo siku zote. Fundi cherehani mmoja mzee, aliyenitengenezea mkanda wa begi kwenye ngazi za duka, aliposikia lafudhi yangu aliniuliza kama ni Mtanzania, na baada ya hapo alinyamaza kidogo. Enzi za Idi Amin, alisema, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi. Aprili 1979 askari wetu wakauteka mji, nao wakaja na Kiswahili. Kwa watu wa rika lake lugha hii iliingia mlangoni na bunduki mara mbili. Serikali ya Uganda iliifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mzee yule ana mjukuu anayeisoma. Alimwita aje anisalimie, na mtoto akasema "Shikamoo" kwa sauti safi kabisa. Sikuwa na neno la kumwambia babu yake ila "Pole, mzee wangu," na nilimaanisha.

Ukitaka kuuona mji huu ulivyopangwa, panda mnara wa msikiti wa kitaifa pale Old Kampala. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 wakati wa Amin ukakwama, ukaja kumalizwa kwa msaada wa Muammar Gaddafi. Ni juu ya kilima hicho Mwingereza Frederick Lugard alijenga boma lake Desemba 1890. Ng'ambo unaona Mengo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, Namirembe kwenye kanisa kuu la Waanglikana, Lubaga la Wakatoliki, Kibuli kwenye msikiti wake mweupe. Kwa miongo mingi hiyo ilikuwa miji miwili iliyokaa jirani, mmoja wa Kabaka na mmoja wa serikali ya kikoloni, na haikuunganishwa hadi mwaka 1968. Halafu kuna ardhi yenyewe. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliigawa kwa maili za mraba, kwa Kabaka na ukoo wake na machifu, na mfumo huo wa mailo uko hai mpaka leo: mwenye hati ni mmoja, mwenye kibanja juu ya ardhi hiyo hiyo ni mwingine, na sheria inawatambua wote wawili. Anayetaka kununua kwa usalama inambidi aelewane na wote. Hapo ndipo sehemu kubwa ya ughali wa Kampala ilipozaliwa.

Kutoka juu unaona pia kwamba vilima ni vya wenye nacho, na mabonde ni ya wanaokuja. Bwaise, Katanga, Namuwongo, yote ni mabonde yaliyokuwa na mafunjo. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanahamia Bwaise. Watu huko hujenga kizingiti cha matofali mlangoni ili mafuriko yasifikie kitanda. Na taka za mji mzima, za vilimani na za mabondeni, zilikuwa zikipelekwa Kiteezi, hadi tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka ulipoporomoka ukawafunika waliokuwa wakiishi chini yake. Walikufa watu zaidi ya 30. Walikaa pale kwa sababu ile ile ya binamu yangu: kulikuwa na kazi ya kila siku, ya kuokota na kuuza plastiki na vyuma, na kodi ya chini. Siwezi kuandika juu ya watu kuchagua mji nikawaruka hao.

Lakini mtu aliyenifanya nilitazame swali langu upya alikuwa mama Mkongomani niliyemkuta Nsambya. Anauza vitenge kwa mguu, amevitundika kwenye mkono, nyumba hadi nyumba, saluni hadi saluni. Anatoka Uvira. Alivuka mpaka na watoto, akaandikishwa kama mkimbizi, akapelekwa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko kusini magharibi ambayo yamepokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ni ya ukarimu usio wa kawaida duniani: mkimbizi Uganda anaweza kufanya kazi na kutembea atakako, na katika makazi hugawiwa kipande cha ardhi na mgao wa chakula, ingawa tangu 2020 mgao umekatwakatwa kwa kukosa fedha. Akija Kampala, vyote hivyo anaviacha nyuma. Hapati chakula wala ardhi, na kodi ya chumba anaitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo huyu mama alikuwa na chaguo lililo wazi kuliko la mtu yeyote niliyekutana naye. Upande mmoja ardhi ya bure, upande mwingine chumba cha kulipia karibu na reli. Akachagua chumba. Nikamuuliza sababu.

"Kule banakupatiaka shamba," akasema. "Lakini miye minafanyaka biashara tangu niko mutoto."

Mama yake aliuza vitenge Uvira, na nyanya yake aliuza chumvi. Kumpa ardhi ni kumpa kazi ya mtu mwingine. Alinionyesha namna ya kutambua kitenge cha nta ya kweli kwa kukigeuza upande wa ndani uone kama rangi imepenya, na jinsi anavyowapa wasusi wa nywele kwa mkopo wa wiki mbili kwa kuwa saluni haihami. Askari wa jiji walikwisha kumnyang'anya mzigo kwa kuuza bila leseni, akaanza tena na vipande vitatu vya kukopeshwa na wanawake wa kanisa lake, wote wa Kivu. Hicho ndicho anachokilipia kodi. Nakivale kuna watu wema, alisema, ila wote wana shida moja kwa siku moja, na mwenye shida kama yako hawezi kukununulia kitenge. Kampala kila mtu ana siku yake: leo huyu ana harusi, yule kapata mshahara, mwingine anasafiri. Katika milioni tano na ushei hakosekani mmoja mwenye sababu ya kununua leo.

Sijawahi kusoma maelezo bora zaidi ya mji mkubwa ni nini.

Kuna sababu nyingine ambayo haina uhusiano na biashara, nayo iko kwenye kilima cha Mulago. Shangazi, mama yake binamu, anatibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa pale mwaka 1967. Kwenye kilima hicho ndiko daktari Denis Burkitt alikochunguza uvimbe wa taya za watoto akauandika mwaka 1958, na ugonjwa huo duniani kote unaitwa kwa jina lake. Mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyokuwa peke yake katika nchi nzima iliharibika isitengenezeke, na haikupata mbadala kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliokuwa na uwezo walikwenda Nairobi. Mashine mpya sasa zipo, lakini ziko hapa, na mgonjwa wa mionzi huhitajika siku baada ya siku kwa majuma. Ukiwa Kyotera, unalala wapi? Unalala kwa mtoto wako Kawempe, nyuma ya pazia. Shangazi ndiye aliyepewa kitanda. Binamu na mkewe wanalala chini na watoto.

Mulago na Makerere zinatazamana, na bonde la Katanga liko katikati. Upande mmoja wagonjwa, upande mwingine chuo kilichofunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, alikosoma Nyerere miaka ya 1940, na ambacho jengo lake kuu liliungua Septemba 2020 likajengwa upya kwa sura ile ile. Chini bondeni wanakaa wanaowapikia wote wawili, wanaowafulia, wanaowauzia maji ya kunywa na mikate ya asubuhi. Nilinunua uji wa mtama pale, nikaupandisha kwa shangazi ukiwa bado moto. Akanywa nusu. Akaniuliza mvua imeshanyesha Bukoba, na kama senene wa mwaka huu ni wa kijani au wa kahawia.

Yeye anataka kurudi Kyotera siku daktari atakapomruhusu, hata kesho. Binamu pia anasema kwao ni Kyotera. Fedha yoyote inayobaki inapeleka mabati huko. Desemba mji hupungua watu, nauli za mabasi hupanda, na Kisenyi kwenye vituo vya mabasi watu hulala foleni na mafungu ya mikate na soda za kupeleka vijijini. Kwa miaka yote mjini, binamu hajasema hata mara moja kwamba anaishi Kampala. Husema yuko Kampala.

Binti yake ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa Mulago. Kiganda chake ni cha Kawempe, cha haraka, chenye Kiingereza ndani, na Kiswahili anachokijua ni cha katuni na nyimbo za Bongo. Usiku wa mwisho nilimuuliza anasubiri nini Krismasi. Akasema anataka kubaki hapa na rafiki zake, kijijini hakuna umeme wa uhakika na mbu ni wengi.

"Kwenu ni wapi?" nikamuuliza.

"Kawempe," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana.

Baba yake alikuwa akihesabu noti juu ya goti. Alinyanyua uso, akamtazama, kisha akaongeza fungu la tano: nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi. Tikiti angezikata wiki ile ile, kabla bei haijapanda.